Mwanangu hukesha akicheka filamu za mazombi: je, nimkataze?

Swali: "Mwanangu wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha tatu hapa Malindi. Tangu shule zifungwe, yeye na wenzake wanne hukusanyika chumba cha uani kila usiku kutazama filamu za maiti wanaofufuka na kula watu. Si zile kubwa za sinema. Ni za bei rahisi kabisa, ambazo hata mimi naona kwamba damu ni rangi na mkono uliokatwa ni wa plastiki. Hawaogopi, wanacheka mpaka jirani amegonga ukuta. Sasa wanataka kupiga filamu yao wenyewe kwa simu, na wanasema wataipigia kwenye magofu ya Gede au makaburini. Juzi nilimkuta binti yangu wa miaka 7 amepakwa unga uso mzima, na shuka yangu nyeupe ya Idi imejaa rangi nyekundu. Mavyaa wangu anasema tunachezea mizimu. Mimi ninachojiuliza ni hiki: mtoto anayecheka mtu akiliwa ana kasoro gani? Na kama anapenda filamu, kwa nini asipende nzuri? Nimkataze?"

Jibu: Dada yangu, nianze na swali uliloliweka karibu na mwisho wa barua, ingawa nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Kwa yale uliyoniandikia, mwanao hana kasoro. Kijana anayetazama pamoja na wenzake, anayecheka kwa sauti ya kuamsha jirani, na ambaye baada ya kutazama za watu ameona afadhali atengeneze yake, hajafurahia mtu kuliwa. Amefurahia mkono wa plastiki. Wewe umeuona mkono huo na kuutaja kama ushahidi wa ubovu wa filamu. Yeye ameuona vilevile, na kwake huo ndio utamu wenyewe. Karibu kila nitakalokuambia limo katika tofauti hiyo ndogo baina yenu.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwafundisha vijana wa pwani utunzi wa filamu, lakini jambo hili nilijifunza kabla sijajua kwamba ni somo. Nilikua Lamu, na nilipokuwa na umri kama wa mwanao kulikuwa na kibanda cha video upande wa Langoni, chumba kimoja cha makuti chenye mabenchi sita na televisheni iliyofungiwa katika kisanduku cha mbao. Usiku mmoja tulionyeshwa filamu ya maiti wanaotoka makaburini, kanda iliyonakiliwa mara nyingi hata nyuso zote zilikuwa zimegeuka kijani. Maiti wa kwanza alitoka vizuri sana, mchanga ukimporomoka mabegani, na chumba kizima kikanyamaza. Kisha akageuka, na sote tukaiona zipu ndefu mgongoni mwake, kutoka shingoni hadi kiunoni. Mtu mmoja wa benchi la nyuma akasema kwa upole, "Jamani mfungeni, ataingia baridi." Kicheko kilichofuata sijakisahau hadi leo. Jambo ambalo sikumwambia mtu ni kwamba filamu ilipokwisha sikuthubutu kupita peke yangu katika vichochoro vya kwenda kwetu. Nilisimama mlangoni nikijifanya natengeneza ndara, mpaka akapita mtu na punda wake amebeba mawe, nikawafuata kimya kimya hadi nyumbani. Zipu nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, na bado niliogopa.

Woga na kicheko hukaa pamoja namna hiyo kwa sababu ya jinsi mwili ulivyoundwa. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kidogo kiitwacho amigdala, ambacho hakingoji tumalize kufikiri. Kinapoona uso uliooza ukitokeza ghafla, huuamuru mwili ujiandae, na papo hapo adrenalini humwagika, moyo huenda mbio na viganja hutoka jasho. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo na kukumbuka kwamba tumeketi mkekani na nje kuna mtu anakaanga viazi, hufika ikiwa imechelewa kidogo na kusema kwamba hii ni filamu tu. Hofu hupoa, lakini msisimko wa mwili hauondoki mara moja. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba mabaki hayo ya msisimko huhamia kwenye hisia inayofuata na kuitia nguvu. Kama kinachofuata ni kichekesho, kicheko hutoka kikiwa kimebeba nguvu zote ambazo mwili ulikuwa umeziweka tayari kwa kukimbia, na ndiyo sababu cha mwanao kinapenya ukuta wa jirani. Vichekesho vitupu haviwezi kumpa kicheko cha namna hiyo, na filamu ya kutisha tupu ingemwacha na moyo unaodunda bila pa kuupeleka.

Kuna maelezo mengine yanayokamilisha hayo. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, walitoa hoja kwamba jambo huchekesha pale linapovunja utaratibu tunaouheshimu na, wakati huohuo, likaonekana halina madhara. Masharti hayo mawili lazima yakutane kwa pamoja. Maiti anayemla jirani yake anavunja kila kitu tulichofunzwa, tangu usafi na ujirani mwema hadi heshima ya aliyekufa. Kama ungeonyeshwa jambo hilo kwa ustadi wa kutosha kukufanya uamini, ungeona kichefuchefu na kuzima. Damu inayong'aa mno, kama ile inayobaki midomoni mwa watoto waliokula mabuyu, ndiyo inayotimiza sharti la pili, kwa kuwa inakuhakikishia kila dakika kwamba hakuna aliyeumia. Ubovu unaoulalamikia unafanya kazi, na kazi yenyewe ni kumtuliza mtazamaji ili aweze kucheka.

Huenda utasema kwamba ikiwa ni hivyo, basi kadiri filamu inavyokuwa mbovu ndivyo raha inavyozidi. Hapana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark waliwapima mapigo ya moyo watu waliokuwa wakipita katika nyumba ya kutisha ya kulipia, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2020 yalionyesha kwamba raha ilikuwa kubwa zaidi kwa walioogopa kiasi. Walioogopa kidogo mno walichoka, na walioogopa kupita kiasi hawakufurahi. Ni kama chumvi katika wali. Filamu isiyoogofya hata chembe haichekeshi, huchosha tu, na mwanao na wenzake wameshaanza kuchagua, ingawa hawajui kwamba wanachagua.

Wahenga wetu walisema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Nimeipenda methali hiyo maisha yangu yote, lakini nadhani imesema nusu ya ukweli. Mchongaji akikiacha kinyago chake sebuleni na kuamka usiku kunywa maji, kwa nukta moja humshtua, kisha hujicheka. Nukta hiyo ndiyo inayouzwa katika filamu hizi. Mtazamaji anaona alama za patasi, anajua kabisa kwamba kuna mtu aliyechonga, na kujua huko humfanya awe mwenzi wa mchongaji badala ya kuwa mteja wake. Filamu ghali humtaka mtazamaji anyamaze na kustaajabu. Ile ya bei rahisi humwachia mwanya wa kuingilia, kama sisi tulivyokuwa tukiingilia hadithi za nyanya zetu tangu pale aliposema "Paukwa" nasi tukajibu "Pakawa". Kwa nini unadhani watu wetu waliwapenda wasimulizi wa filamu, kama DJ Afro, anayetia maneno yake juu ya filamu za kigeni hata filamu yenyewe ikawa kisingizio? Kule Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana ametengeneza filamu za mapigano kwa fedha ambazo huku kwetu hazitoshi hata karamu ya posa, na msimulizi anayefanya mzaha juu ya kila tukio ni sehemu ya filamu hizo. Vijana watano wanaopiga kelele "Usifungue huo mlango!" katika chumba chako cha uani wanafanya jambo la asili kabisa kwetu.

Kuhusu kwa nini iwe zombi, si jini wala joka, sababu ya kwanza ni fedha. Mwaka 1968 George Romero na wenzake wa Pittsburgh, watu waliokuwa wakijipatia riziki kwa kupiga matangazo ya biashara, walitengeneza filamu iitwayo Night of the Living Dead kwa dola 114,000 hivi, fedha kidogo sana kwa filamu ya Marekani hata wakati ule. Waliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, na kwa hiyo damu ikawa sharubati ya chokoleti, kwa kuwa hakuna ambaye angejua tofauti. Maiti walikuwa marafiki na wenyeji wa sehemu ile. Zombi hana maneno ya kukariri, wala hahitaji kujua kuigiza. Anahitaji unga usoni na mwendo wa mtu aliyelalia mguu ukafa ganzi. Ukiwa na marafiki kumi unalo jeshi. Joka linataka kompyuta, na jini anataka moto usio na moshi, ambao sijui unapatikana duka gani.

Sababu ya pili ni ya kisheria, na wengi hawaijui. Filamu hiyo ilibadilishwa jina karibu na kutolewa, na katika kubadilisha jina tangazo la hakimiliki likaachwa nje ya skrini. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, kazi iliyotolewa bila tangazo hilo ilikuwa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Romero na wenzake walipoteza fedha nyingi kwa kosa hilo, lakini kila mtu Marekani akapata ruhusa ya kuinakili, kuionyesha na kuazima kilichomo ndani yake. Zombi akawa kama Abunuwasi, hana mwenyewe; kila mtu humsimulia atakavyo na hakuna wa kumshitaki. Wakuba walimtumia mwaka 2011 kuichekea serikali yao, wakaonyesha mazombi wakijaa mitaani mwa Havana huku matangazo rasmi yakisisitiza kwamba hao ni wapinzani wanaolipwa na Marekani. Mzaha kama huo hautungiki mpaka umeujua mji wako.

Sasa nikujibu kuhusu filamu nzuri. Kwanza nikubali jambo moja bila kumtetea mwanao: nyingi ya filamu hizi ni takataka. Kuna upungufu wa mfuko na upungufu wa fikra, na mara kwa mara hufuatana. Nyingine humdhalilisha mwanamke kwa sababu tu mtunzi hakujua kitu kingine cha kumfanyia. Nyingine, na hizi hunichosha zaidi, hujifanya mbovu makusudi. Watengenezaji wana fedha za kutosha, lakini wanakukonyezea jicho kila dakika kwamba wanajua wanafanya upuuzi. Zipu yangu ya Langoni ilichekesha kwa sababu aliyeivaa alikuwa akijitahidi kwa moyo wake wote kuwa maiti.

Kama unataka kumjaribu mwanao, mtafutie filamu ya Kijapani ya mwaka 2017 iitwayo One Cut of the Dead, ya Shinichiro Ueda, iliyotengenezwa na waigizaji wasiojulikana kwa yeni milioni 3 hivi, yaani kama dola 25,000, na baadaye ikaingiza mamilioni ya dola. Utaniwia radhi kwa kuifichua. Dakika 37 za mwanzo zimepigwa kwa mfululizo bila kukatwa, na zinaonekana ni za hovyo: waigizaji wanasita, mtu anaondoka bila sababu, kamera inaanguka chini, na mazungumzo yanarudiwarudiwa kana kwamba wamesahau. Ukifika hapo utatamani kuzima. Kisha filamu inarudi nyuma na kukuonyesha jinsi kipindi kile kilivyotengenezwa na watu waliolazimika kukirusha hewani moja kwa moja bila kusimama, na kila kosa ulilolidharau linapata maelezo yake. Huyu alikuwa amelewa, yule tumbo lilikuwa likimwendesha, na kifaa cha kuinua kamera kilipoharibika, wote, pamoja na familia ya mwongozaji, walipandana mabegani kuwa ngazi ya watu ili picha ya mwisho ipatikane. Niliwahi kuwaonyesha vijana wangu filamu hiyo, na katika onyesho hilo la mwisho msichana mmoja ambaye kutwa nzima alikuwa ameegemea ukuta akichezea simu alisimama bila kujua kwamba amesimama. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini filamu ya bei rahisi ipendwe.

Nije kwa mavyaa wako, ambaye ninakuomba usimpuuze, kwa sababu katika mambo mawili ana haki kuliko anavyojua. Kwanza, neno lenyewe. Zombi ametoka Haiti, na wanaisimu wengi hulihusisha jina lake na maneno ya Afrika ya Kati, hasa ya Kikongo, yanayohusu roho na miungu. Waliolibeba kuvuka bahari ni Waafrika waliouzwa utumwani. Kwa watu hao hofu kuu haikuwa kuliwa na maiti, ilikuwa kufufuliwa baada ya kufa na kurudishwa shambani kumfanyia kazi bwana, bila hata kifo kuwa mapumziko. Atakayesikia hayo hapa Afrika Mashariki atawakumbuka msukule na ndondocha wa ndugu zetu wa Tanzania, mtu anayedhaniwa amekufa kumbe anatumikishwa usiku na mchawi. Kwa hiyo mama mkwe aliposikia harufu ya jambo la kale katika mchezo wa watoto, pua yake haikumdanganya.

Lakini tazama kilichotokea njiani. Katika hadithi ya zamani daima kuna bwana, yaani mchawi aliyemfufua maiti, na filamu ya kwanza maarufu ya zombi, ya mwaka 1932, bado ilikuwa na bwana huyo. Romero alimwondoa. Maiti wake wanaamka wenyewe, na sababu haielezwi sawasawa. Hakuna jirani wa kulaumiwa. Mimi naona hilo si jambo dogo kwa mtu anayeishi Kaunti ya Kilifi, ambako wazee wenye mvi wametuhumiwa uchawi, wakauawa na wengine kukimbia nyumba zao. Hadithi inayotafuta mchawi inaweza kumletea bibi wa watu panga mlangoni. Zombi wa bei rahisi hamtafuti mtu. Kwa hiyo, kama utasoma hadithi wanayotaka kuipiga hao vijana, na ninakushauri uisome, usihangaike na wingi wa damu. Tafuta kama humo kuna bibi kizee anayeonyeshwa kuwa chanzo cha maafa. Kama yumo, waambie wamtoe, na uwaeleze kwa nini.

Jambo la pili ambalo mavyaa ana haki ni mahali. Mnaishi Malindi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa dhehebu moja la kidini ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, na mingi ililetwa mochari hapo mjini. Kuna familia ambazo zilikaa miezi zikingoja kupewa wafu wao. Sijui ni nani kati ya hao vijana wanne ana shangazi au binamu aliyepotelea kule, na wewe pengine hujui pia. Waulize kwa utaratibu kabla hawajaanza kucheza na kaburi. Makaburi halisi wasiyaguse hata kidogo, yawe ya Waislamu, ya Wakristo au ya Wamijikenda wenye vigango vyao, nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wafu. Mzaha haudhuru pale tu ambapo hakuna mwenye kuumia, na kila kaburi lina mwenyewe. Kuhusu hukumu ya dini mimi si mwalimu wa dini, muulizeni sheikh wa madrasa yake, na mwende mkiwa na hadithi yenyewe mkononi, maana swali "je, filamu za mazombi zinafaa?" na swali "je, vijana wetu wapige mchezo huu?" si swali moja.

Gede nayo ni vigumu. Najua kwa nini wanaitamani, kwa kuwa kuta zile zilizoshikwa na mizizi, na kima wanaokutazama kutoka juu, hazihitaji kupambwa. Lakini ni mahali pa urithi wa dunia tangu mwaka 2024, panasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na ndani yake mna makaburi, mojawapo likiwa na tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Kupiga filamu kunahitaji ruhusa ya wasimamizi, na filamu ya kuonyeshwa kwa umma inahitaji pia leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Uani kwako hakuhitaji ruhusa ya mtu ila wewe.

Basi umkataze? Ukimkataza, atatazama kwa mwenzake kwa simu yenye skrini ndogo na sauti ya chini, akiwa peke yake, nawe utakuwa umemwondolea kile hasa kinachomkinga, yaani kicheko cha watu wengi. Ukimwachia kabisa, utakuwa umekubali pia zile zilizopewa alama ya 18, ambazo kwa umri wake hazimfai, na baadhi zina ukatili wa kijinsia ambao hakuna zipu ya kuupunguza. Ningekuwa mimi, ningekaa nao usiku mmoja, filamu nzima, bila kuhubiri. Utakereka, lakini utajua wanacheka nini, na ukisikia kicheko kimehama kutoka kwenye mkono wa plastiki kwenda kwenye maumivu ya mtu mnyonge, hapo utakuwa na la kusema, nao watakusikiliza kwa kuwa uliona. Kelele zikome kabla ya jirani kulala. Hilo halina mjadala wa kitaalamu.

Filamu yao waache waipige, kwa masharti. Silaha ziwe za boksi lililopakwa rangi, hata kama panga la jikoni linapendeza zaidi mbele ya kamera. Damu isiwe ya mnyama kamwe, kwa sababu ya maradhi. Wachemshe shira kama ya kaimati, nzito kidogo, watie rangi nyekundu ya chakula na ncha ya kijiko ya unga wa kakao ili isiwe ya waridi, na wajue kwamba sisimizi watafika kabla ya mwongozaji. Na hili ndilo kubwa kuliko yote, wasitoke barabarani usiku wakiwa na damu mwilini. Kijana anayekimbia gizani akiwa mwekundu, nyuma yake wengine wanapiga kelele, anahitaji mtu mmoja tu wa kupaza sauti ya "mwizi!" ili mchezo uishe vibaya, na waendesha bodaboda hawatangoja maelezo. Wapige mchana, uani, na mzee wa mtaa apewe habari mapema.

Binti yako wa miaka 7 ni habari nyingine. Mtoto wa umri huo huogopa umbo kama linavyoonekana, na kumwambia "si kweli" hakumsaidii sana, kwa kuwa macho yake yana nguvu kuliko maneno yako. Kwa hiyo filamu asitazame, hata ile inayowachekesha wakubwa, na hata akiomba. Kupakwa unga hakuna ubaya ikiwa yeye mwenyewe ameketi mbele ya kioo, ameona uso wake ukibadilika hatua kwa hatua, amempaka na kaka yake kwa mkono wake, kisha wamenawa wote wawili wakarudi kuwa wao. Ubaya ni kumshtua nao mlangoni akiwa hajajiandaa. Muulize alivyolala usiku ule.

Kuna dalili zinazozidi uwezo wa barua kama hii. Kama mwanao ataanza kutazama peke yake usiku kucha, akaacha wenzake na masomo. Kama atahama kutoka filamu za kuigiza na kutafuta video za watu halisi wakiumizwa. Kama ataanza kuwatesa paka au punda. Kama yeye au dada yake atapata ndoto mbaya mara kadhaa kwa juma kwa muda wa mwezi. Au kama kuna msiba nyumbani na mmoja wao hawezi kuacha kuzungumzia maiti, basi tafuta mtu wa kuonana naye ana kwa ana. Anza na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwake, au hospitali ya serikali iliyo karibu, na uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Akitamka kwamba anataka kujidhuru, hata kwa mzaha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Shuka sasa. Usiipige pasi wala usiitie maji ya moto, kwani rangi ya chakula ikipata joto hushika uzi moja kwa moja. Iloweke katika maji baridi yenye sabuni ya kuoshea vyombo, uisuuze, urudie, kisha utie siki nyeupe kidogo juu ya madoa kabla ya kuianika. Kama imeshapigwa pasi, mwachie mwanao iwe nguo ya zombi, na ya Idi ijayo akununulie yeye.